Tunawaombea walio Marekani, na wa Eastleigh je?

KATIKA makanisa mengi ya Nairobi kuna ombi ambalo halikosi: viza. Wanaosubiri siku ya ubalozi huitwa mbele, pasipoti huinuliwa juu, na kanisa zima huitikia amina. Sioni ubaya wowote hapo. Ila tangu mwanzoni mwa 2025 ombi hilo limepata mwenzake. Sasa twawaombea pia waliokwishafika Marekani, wale wanaoogopa kufungua mlango ukibishwa.

Hofu yao ina sababu. Kuanzia 2011, maafisa wa uhamiaji wa Marekani wanaojulikana kama ICE walikuwa na mwongozo wa kuepuka kukamata watu shuleni, hospitalini na kanisani, isipokuwa kukiwa na sababu maalumu. Mwongozo huo ulifutwa mara tu Donald Trump aliporejea Ikulu Januari 2025. Kwa Mkenya aliyeenda kusoma, karo ikamlemea na makaratasi yakaisha muda, ibada ya Jumapili imekuwa kitu cha kufikiria mara mbili.

Hapa ndipo Wakristo wenzangu hunichanganya. Wengi wa rika langu wanampenda Trump, na wakiulizwa watakwambia ni kwa sababu ya msimamo kuhusu utoaji mimba na ndoa za jinsia moja. Sawa. Lakini wakishampenda kwa hayo, wanampa na mengine yote bure. Siku moja baada ya kuapishwa kwake, Askofu Mariann Edgar Budde wa Kanisa la Episkopali alimwomba hadharani, katika kanisa kuu la Washington, awahurumie wahamiaji wenye hofu. Trump alidai aombwe msamaha. Nami nikaona vijana wa Kenya, ambao binamu zao wako huko huko, wakimtukana yule mama. Eti sheria ni sheria, soma Warumi 13.

Haya, tuisome. Sura hiyo ina historia ndefu ya kutumiwa na wenye mamlaka. Mnamo 2018 Jeff Sessions, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliitaja alipokuwa akitetea sera iliyofanya watoto watenganishwe na wazazi wao mpakani. Ni kweli Paulo anawataka waumini watii serikali na walipe kodi, na anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Lakini hakuishia hapo. Sura inayotangulia inawahimiza waumini kuwakaribisha wageni. Na katika hiyo hiyo ya 13, mistari michache tu mbele, anasema anayempenda jirani ameitimiza sheria. Huwezi kukata kipande cha katikati ukakifanya rungu.

Halafu mtazame Paulo mwenyewe. Katika Matendo 16 alichapwa viboko Filipi na kufungwa bila kesi. Asubuhi wakubwa wakatuma watu wamwachilie kimyakimya. Akakataa kabisa. Yeye ni raia wa Roma, amepigwa hadharani bila hukumu, waje wenyewe wamtoe. Na wakaja, wakimbembeleza. Huyo ndiye aliyeandika Warumi 13. Kwake kutii sheria hakukumaanisha afande afanye apendavyo.

Sisemi mipaka ifutwe. Nchi isiyojua nani ameingia haiwezi kuwalinda hata hao wageni wenyewe. Makamu wa Rais JD Vance alipodai kuwa upendo wa Kikristo huanza na familia, jirani, kisha raia wenzako, halafu ndipo dunia, alikuwa na hoja kidogo. Hata mama wa kijijini hulisha wanawe kwanza. Papa Francis, kwenye barua yake kwa maaskofu wa Marekani ya Februari 2025, alikubali kwamba taifa lina haki ya kujikinga dhidi ya wahalifu wakatili. Alichokataa ni kumchukulia mtu kama mhalifu kwa sababu tu hana karatasi, na akawaelekeza kwenye mfano wa Msamaria Mwema. Mimi niko upande wa Papa, ingawa si Mkatoliki.

Lakini Marekani ni mbali, na ni rahisi kuwa na huruma ya mbali. Rudi Aprili 2014, hapa Nairobi. Baada ya watu kuuawa kanisani Likoni na katika milipuko ya Eastleigh, serikali ilianzisha msako uliopewa jina Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa vitambulisho. Miongoni mwao walikuwemo Wakenya halisi, waliozaliwa hapa, pamoja na wakimbizi waliosajiliwa. Wengine walisafirishwa hadi Mogadishu. Human Rights Watch na Amnesty International waliandika kuhusu polisi waliodai pesa ili kuwaachilia watu. Mtaani, Msomali alikuwa akiitwa ATM. Watu walicheka.

Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari wafanye nini. Ukisoma Luka 3, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie, waridhike na mshahara. Sijui mahubiri mengine ya miaka 2,000 iliyopita yanayoifaa Eastleigh kuliko hayo.

Najua jibu nitakalopewa: Garissa. Na si jibu la kupuuza. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na washambuliaji waliwatenga Wakristo. Ni vijana kama sisi, wengine walikuwa kwenye maombi ya alfajiri. Mkristo wa Kenya ana haki ya kuogopa, na asiambiwe na yeyote kwamba hofu yake ni chuki. Ila mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake, aliyekuwa chifu Mandera, alikuwa tayari amewaambia wakuu wa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Mzee wa Kisomali alipiga ripoti. Msako wa Kasarani wa mwaka mmoja awali haukuzuia lolote.

Hofu pia huuzwa. Mnamo Septemba 2024 Trump alisema kwenye mdahalo kwamba wahamiaji wa Haiti mjini Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Maafisa wa mji huo walisema hakuna ushahidi. Klipu ilifika kwenye simu zetu kabla ya jibu, ikasambazwa na watu wanaoamka saa kumi alfajiri kuomba. Nao polisi wetu walikuwa tayari wako Port-au-Prince tangu Juni mwaka huo, wakiwakinga jamaa za hao hao dhidi ya magenge. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo, iwe ya nane kwa Wakatoliki au ya tisa kwetu, haina kifungu kinachomtoa Mhaiti.

Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba vijana wa Kaskazini Mashariki hawatapigwa tena msasa maalumu wanapoomba kitambulisho. Ilichukua miaka zaidi ya 60 tangu uhuru. Wapo waliolalamika mtandaoni, na baadhi yao wana aya za Biblia kwenye wasifu wao.

Na mgeni si Msomali peke yake. Kwenye kwaya kadhaa za Nairobi kuna Wakongomani waliokimbia vita Kivu, ndio hutufundisha yale mapambio ya Kiswahili tunayoyapenda. Mkimbizi akipatikana mjini wakati serikali inamtaka awe kambini Kakuma au Dadaab, anaweza kukamatwa akirudi kutoka mazoezini. Jumapili hii wanaosubiri viza wakishaombewa, naomba mchungaji asiifunge sala kabla hajauliza nani kwenye kwaya ana makaratasi yaliyoisha muda, na nani atamsindikiza Jumatatu akayafuatilie.