Modemu Imekataa Baada ya Kusasisha Linux? Jaribu Haya Kabla ya Kununua Nyingine

Kila mwaka, Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani za ushuru kupitia iTax. Huduma nyingi za serikali nazo zimehamia eCitizen. Kwa mwenye saiba kule Maua au Runyenjes, au mwalimu wa Siakago mwenye laptopu ya mtumba, modemu ya USB ikikataa kufanya kazi shughuli zote husimama.

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bila malipo mnamo Oktoba 14, 2025, kompyuta nyingi za zamani zimebaki na chaguo la kuhamia Linux. Mfumo huu haulipishwi na huenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Hata hivyo, wakati mwingine mtu husasisha mfumo jioni, na asubuhi modemu haionekani tena. Mara nyingi modemu yenyewe haijaharibika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Hakikisha tatizo si laini

Toa laini kwenye modemu uiweke kwenye simu. Angalia kama bando lipo na kama intaneti inafunguka. Ikiwa laini inadai PIN, iondoe PIN hiyo ukiwa kwenye simu. Usibahatishe: ukikosea mara tatu laini itafungwa na utahitaji nambari ya PUK.

Kisha chomeka modemu moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyaji cha USB. Modemu hutumia umeme mwingi inapotafuta mawimbi, hasa mahali penye mtandao hafifu kama kwenye mabonde ya miteremko ya Mlima Kenya.

2. Je, kompyuta inaiona?

Fungua terminali, andika lsusb, kisha ubonyeze Enter. Utaona orodha ya vifaa vilivyochomekwa. Modemu za Huawei huanza na nambari 12d1, na za ZTE 19d2. Kama haimo kwenye orodha, badilisha tundu la USB au ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kama imo, endelea.

3. Modemu iliyojigeuza diski

Hiki ni chanzo cha kawaida sana. Ndani ya modemu nyingi kuna hifadhi ndogo yenye programu za Windows. Unapoichomeka, kwanza hujitambulisha kama diski ya CD. Katika Linux, programu iitwayo usb-modeswitch ndiyo huiamuru iache kuwa diski na iwe modemu. Programu hiyo ikikosekana baada ya kusasisha, utaona picha ya diski kwenye skrini lakini hutapata intaneti.

Utaipakuaje bila intaneti? Tumia simu ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huitambua papo hapo. Kwenye Ubuntu au Linux Mint, andika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt update
sudo apt install usb-modeswitch modemmanager

Amri ya kwanza humalizia usasishaji uliokatika njiani, kwa mfano stima ilipopotea. Zima kompyuta, iwashe tena, kisha uchomeke modemu.

4. Uliza ModemManager

Andika mmcli -L. Jina la modemu likitokea, kilichobaki ni mipangilio tu. Usipoona kitu, andika sudo systemctl restart ModemManager, usubiri dakika moja, kisha ujaribu tena.

Kuna modemu ambazo hazitaonekana hapo na si kosa. Baadhi ya modemu za Huawei, ziitwazo HiLink, hujitambulisha kama kadi ya mtandao. Fungua kivinjari uandike 192.168.8.1; ukurasa wa modemu ukifunguka, mipangilio yote imo humo.

Laptopu zenye modemu ya ndani zina kisa kingine. Tangu toleo la 1.18.4, ModemManager imeacha kufungua yenyewe kufuli ya redio iliyowekwa na watengenezaji. Anayekusaidia aangalie folda ya /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d, ambamo hati za kufungua huwekwa.

5. Tengeneza muunganisho upya

Futa muunganisho wa zamani kwenye mipangilio ya mtandao, kisha uongeze mpya wa intaneti ya simu. Kwa laini ya Safaricom, APN ni safaricom. Kwa Airtel ni internet. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi.

6. Rudi kwenye kiini cha zamani

Linux huhifadhi kiini cha awali cha mfumo. Kompyuta inapowaka, bonyeza Esc au Shift ili orodha ya GRUB itokee, ingia Advanced options, kisha uchague kiini chenye nambari ya chini. Modemu ikifanya kazi hapo, kosa limo katika kiini kipya. Endelea kutumia cha zamani hadi marekebisho yatoke. Faili zako hazitaguswa.

Kabla ya kusasisha tena

• Usisasishe mfumo wiki ya makataa yoyote.
• Nakili faili muhimu kwenye flashi.
• Andika kwenye karatasi APN na nambari ya modemu inayotokea kwenye lsusb.
• Hakikisha betri imejaa na bando linatosha, kwani kupandisha toleo zima hutumia data nyingi.

Makataa yakikaribia na modemu bado imegoma, usingoje. Tumia intaneti ya simu kwa waya kama ilivyoelezwa hapo juu, au ufike Huduma Centre iliyo karibu, Meru au Embu. Kazi ya modemu inaweza kusubiri kesho. Tarehe ya ushuru haisubiri.