Kifua Kikuu Kilicholala na Vidonge vya Viungo

Mama mbangua korosho wa Ziwani, katika pwani ya Mtwara, anapoamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa, jirani humwambia ni baridi tu. Akipata prednisoloni, maumivu hupungua kwa siku chache na kazi huendelea. Vidonge hununuliwa tena, na tena, pasipo kipimo chochote.

Baridi yabisi, kama ilivyo lupasi, ni maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, na prednisoloni huipoza kinga hiyo. Lakini kinga ileile ndiyo inayovifungia vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni, pengine tangu utotoni, ndani ya ukuta wa chembe hai. Ukuta ukilegea, vimelea huamka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia infliximabu, dawa inayozuia protini inayouimarisha ukuta huo. Zaidi ya nusu yao kiliwapata nje ya mapafu. Hiyo ni dawa ghali. Prednisoloni ni rahisi, nayo haina usalama tunaoudhania: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 ulikuta watumiaji wa dawa za jamii yake wakiugua karibu mara tano zaidi ya wasiozitumia.

Ugumu zaidi uko katika dalili. Homa na kukonda ni vya lupasi na ni vya kifua kikuu pia. Anayeongeza dozi akidhani lupasi imechachamaa huenda anavilisha vimelea. Hata kipimo cha ngozi hudanganya, kwa kuwa kinga iliyopozwa haikijibu.

Kwa hiyo, kabla ya dozi ya muda mrefu, mgonjwa aulizwe nani alikohoa nyumbani kwake, apigwe picha ya kifua, na akikohoa makohozi yapimwe. Asiyekuwa na ugonjwa hai afikiriwe isoniazidi ya kinga pamoja na vitamini B6. Mwenye ugonjwa hutibiwa bila malipo, ila rifampisini huharakisha kuondoka kwa prednisoloni mwilini, hivyo viungo vyaweza kuvimba upya. Hapo dozi ya prednisoloni ndiyo ya kutazamwa, si kuacha tiba ya kifua kikuu.

Na aliyekwisha kuvizoea vidonge asiviache ghafla kwa hofu ya maelezo haya. Baada ya wiki kadhaa tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kazi yake, na kukatiza dawa kwaweza kumwangusha, hata kumuua. Aende navyo kituoni, pakiti mkononi, hata kama alivinunua dukani, ili vipunguzwe taratibu.