Shingo ya Kanzu na Ruhusa ya Mkasi

Kanzu ya zamani haichakai sawasawa. Makwapa huoza kwa jasho, pindo la chini huliwa na vumbi na maji ya udhu, na mabega hupauka kwa jua. Shingo yake, kwa kuwa imeshonwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili na kutariziwa kwa mkono, hubaki imara hata baada ya mwili mzima wa bafta kugeuka tambara. Kanga nayo hupasuka mjini, pindo likabaki zima. Mtandio wa zari huchanika katikati, na ncha zake zikaendelea kumetameta ndani ya sanduku kana kwamba harusi ilikuwa jana.

Vipande vya namna hiyo vimejaa katika nyumba zetu, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi hapa Bagamoyo, na kuvuka Mto Wami kwenda Saadani na Pangani. Wengi huviacha viliwe na nondo, au huvitoa kwa kudekia. Wapo hata hivyo dada zetu wenye mkono mwepesi wa sindano ambao huikata ile shingo ya kanzu, wakaitia bitana, wakaifanya ukosi usioshikana na nguo yoyote. Ukosi huo hufungwa kisogoni kwa kitanzi na kifungo. Leo huvaliwa juu ya gauni jeusi, kesho juu ya dira. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini mbele ya uzuri wake lipo swali ambalo wengi hulipita mbio: kipande hicho ni mali ya nani?

Wazo la kuitenga shingo na nguo si geni duniani. Wamarekani husimulia kwamba mwaka 1827, katika mji wa Troy, jimbo la New York, mama mmoja aitwaye Hannah Montague alichoka kufua mashati mazima ya mumewe ilhali kilichochafuka kilikuwa kola tu. Akaikata, akaifua peke yake, akairudisha. Mji huo baadaye ukavuma kwa viwanda vya kola. Mfano ulio na uzito zaidi kwetu, kwa maoni yangu, ni wa wanawake wa Palestina. Kifua cha vazi lao la thobu, wanachokiita qabbeh, hutariziwa peke yake kisha ndipo kikashonewa vazini. Vazi likichakaa, kifua hufumuliwa na kuhamishiwa vazi jipya. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza sanaa yao ya kutarizi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Nasi wa Mrima hatukuwa maskini wa vitambaa. Karne ya kumi na tisa kitambaa kilikuwa ndiyo fedha ya bara, na Bagamoyo ilikuwa mlango wake. Stanley alipoondoka hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo ya wapagazi wake ilikuwa vitambaa, yakiwemo marekani na kaniki, vilivyohesabiwa kwa doti ya yadi nne na shuka ya yadi mbili. Ng'ambo ya bahari, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi mabibi walivyotumia saa zao kutarizi nguo zao na za waume na ndugu zao. Anayedhani kutarizi ni kazi ya wasiokuwa na kazi na aketi na shingo moja tu ya kanzu, ahesabu pigo za sindano katika upana wa kucha.

Sasa nirudi kwenye swali. Katika shughuli za ukatibu wa msikiti hutokea nikaandika yale yanayosemwa kwenye vikao vya mirathi. Familia moja, ambayo nimeacha jina lake na mtaa wake, ilifiwa na baba. Waliorodhesha nyumba, shamba la minazi na baiskeli. Sanduku la bati halikuorodheshwa. Mtu mmoja alisema ndani yake mna "vitambaa tu", nao wengine wakanyamaza. Ndani yake zilikuwamo kanzu nne, kofia mbili za vito na mtandio wa zari alioachiwa marehemu na mama yake. Baada ya wiki kadhaa binti mkubwa, ambaye ni hodari wa kushona, alikuwa ameshapata kosi tatu, na moja ameshamtunza bibi harusi wa jirani.

Mdogo wake wa kiume alipouona ukosi ule shingoni mwa mtu baki, akaitambua kazi ya shingo ya kanzu ya Idi ya baba yao. Niliyoyasikia siku hiyo sikuyasikia walipogawana shamba. "Da' mkubwa, umemkata baba vipande," alisema, na dada akalia, kwa maana yeye alikata kwa mapenzi, ili kitu cha baba kisioze.

Sheikh aliyewasuluhisha hakuanza na hasira ya yeyote. Aliwasomea aya ya 7 ya Surat An-Nisaa, inayowapa wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi wao, kiwe kidogo au kikubwa, kisha akauliza kama yupo mrithi ambaye hajabaleghe. Alikuwapo kitindamimba wa miaka 11. Hapo jambo likabadilika uso. Wakubwa wanaweza kusameheana, kila mmoja aliyebaleghe, mwenye akili timamu, ana haki ya kusema, "Fungu langu katika kanzu ile nimekuachia, dada." Mtoto hawezi kusamehe, wala hapana awezaye kusamehe kwa niaba yake, na aya ya 10 ya sura hiyohiyo inatisha kwa anayekula mali ya yatima kwa dhuluma. Basi vitu vikathaminiwa, wakubwa wakasamehe, na dada akalipa fungu la mdogo wake kwa fedha, likawekwa. Ukosi uliotunzwa haukudaiwa kwa bibi harusi, na ni vizuri haukudaiwa.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu nguo za marehemu ndizo mali ambayo familia nyingi huzigawa kwa macho, kila mtu akichukua alichokipenda matanga yakingali yanaendelea. Nguo ni tarika kama ilivyo nyumba. Hutanguliwa na gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kisha ndipo warithi. Kuomba ruhusa huchukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Aliye hai naye aulizwe. Bibi akiwa angali anapumua, kanga yake ni yake, hata kama hajaifungua tangu Urafiki walipoanza kuchapa.

Ruhusa ikipatikana, ndipo twende kwenye sindano. Kanuni ya kwanza ninayoishikilia ni kwamba nguo nzima haikatwi. Kanzu inayovalika ivaliwe au itolewe sadaka. Mkasi ni wa ile ambayo mwili wake umeshakufa. Kabla ya kufua, lowesha pembe ya kitambaa cheupe, ikandamize juu ya nyuzi za rangi, uone kama rangi inatoka. Isipotoka, loweka kwa maji baridi na sabuni laini, bila kusugua wala kukamua, kisha tandaza juu ya taulo kivulini. Jiki isikaribie hariri, kwani huila na kuigeuza njano. Zari isilowekwe kabisa: nyuzi zake za madini hufubaa, na uzi wa ndani huoza. Ifutwe vumbi kwa brashi laini, basi.

Pima shingo ya mvaaji kwa kuizungusha tepu chini kabisa, ukiacha nafasi ya vidole viwili, kisha chora kigezo kwenye karatasi. Kata bitana kwa kigezo hicho, siyo tarizi. Tarizi huwekwa juu ya bitana, ikapigwa bandi za muda, ndipo kingo zikashonwa kwa mkono kwa uzi mwembamba, sindano ikipita katikati ya nyuzi za kitambaa bila kutoboa pigo za fundi wa kwanza. Cherehani hapa ni adui. Hutoboa mstari wa matundu na kitambaa dhaifu huchanika juu yake kama stempu. Kile kitambaa kigumu cha kola kinachogandishwa kwa pasi nacho kiachwe, kwa kuwa gundi yake haitoki tena. Atakayeipokea kazi hii baada yako anastahili kuweza kuifumua.

Wanaume wengi huuliza kuhusu hariri. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza wanaume hariri isipokuwa kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne. Na katika kitabu hichohicho Asma bint Abi Bakr (r.a.) alitoa joho la Kiajemi lenye kipande cha hariri nzito penye shingo na mipasuo iliyopindwa kwa hariri, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akilivaa, lilikuwa kwa Aisha (r.a.) mpaka alipofariki, ndipo yeye Asma akalichukua. Kwa hiyo anayehamishia shingo ya hariri kwenye kanzu mpya apime upana wake kwa vidole vyake vinne na atulie. Dhahabu kwa mwanamume haimo katika ruhusa hiyo, hivyo zari ya bibi iende kwa mabinti. Kuhusu kuvaa ukosi wa zari juu ya baibui barabarani, rai yangu ni kwamba pambo hilo ni la nyumbani na la mikusanyiko ya wanawake. Anayetaka zaidi ya rai ya katibu amwulize sheikh wake.

Limebaki la kuhifadhi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na ukungu hauchagui. Ukosi ulazwe bapa ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, mbali na bati na pini za chuma ziletazo kutu, ukiwekwa karafuu pembeni, zisiuguse. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Kila baada ya miezi michache fungua upepee kivulini.

Na ule mwili wa kanzu uliobaki usiutupe. Bafta kuukuu ikifuliwa na kupigwa pasi ndiyo bitana bora ya ukosi wenyewe, laini kuliko ya dukani, kwa kuwa imeshamaliza kusinyaa.