Okidi za Nyika: kwa nini kiazi kisichimbwe

Kati ya Januari na Machi, uwanda wa juu wa Nyika, kaskazini mwa Malawi, hujaa maua hadi kwenye makorongo ambamo mto North Rukuru huteremkia. Okidi pekee ni takriban spishi 200.

Wakati wa kiangazi okidi nyingi za mbugani hunyauka, zikabaki viazi ardhini. Mvua zianzapo Novemba, huchipua upya. Viazi hivyo ndivyo hupikwa chikanda, chakula kipendwacho Zambia, na biashara yake imefika hadi Kitulo, Tanzania. Kiazi kikichimbwa, mmea hufa kabla ya kutoa mbegu. Atembeaye atazame, asing'oe.

Mkimbizi wa Dzaleka atakaye kuyaona maua hayo hana budi kupata kwanza kibali cha kutoka kambini.