Mafaili Mawili, Mgonjwa Mmoja

Wenye kliniki wanaotaka kuingia kwenye kompyuta huuliza swali lilelile: programu gani ni nzuri? Wataalamu wa taarifa za afya wamelichoka. OpenMRS, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, haidai ada ya leseni, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Za kununua nazo zimejaa sokoni. Kinachozikwamisha kliniki nyingi ni uamuzi unaosifiwa kuwa wa busara: kompyuta ije, lakini faili la karatasi liendelee sambamba nayo, "kwa usalama".

Usalama upi? Tuseme mtoto analetwa na homa. Mama anataja mzio wa penisilini, tabibu anauandika kwenye faili la karatasi. Foleni ni ndefu, kompyuta ataijaza jioni. Jioni haifiki. Wiki mbili baadaye mtoto anarudi na kukuta zamu ya tabibu mwingine, anayesoma skrini. Skrini haionyeshi mzio wowote, basi anaandika amoksilini, dawa ya jamii ileile ya penisilini. Mfamasia naye anatazama skrini hiyohiyo. Faili lenye onyo limo kabatini, hatua chache kutoka dirisha la dawa, salama kabisa.

Hiyo si hitilafu ya kompyuta. Kumbukumbu zikiwa mbili hakuna iliyo kamili, na hakuna ajuaye ipi imepungukiwa na nini. Muuguzi anaandika mara mbili alichokuwa akiandika mara moja, kisha mfumo unalaumiwa kwa kuchelewesha watu. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse muuguzi wa zamu ya usiku.



Wala karatasi yenyewe haina kosa. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilipoanza kutumia kompyuta mwaka 2001, watoa huduma waliendelea kujaza fomu ya karatasi, lakini karani aliingiza yaliyomo mgonjwa akiwa anaondoka, si wiki ijayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Ulikuta pia kwamba muda wake pamoja na mtoa huduma umepungua kwa asilimia 58, tarakimu ambayo muuzaji wa programu angeisoma haraka haraka. Nchini Malawi, shirika la Baobab Health lilichagua skrini za kugusa, ili mhudumu aingize taarifa mwenyewe mgonjwa akiwa mbele yake. Njia zilikuwa tofauti, ila kote taarifa ziliingia mgonjwa akiwa bado yupo.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi na mwanasheria. Anzeni na mapokezi na dawa, maabara ifuate. Nunueni betri kabla ya kompyuta ya tatu. Umeme ukikatika, tumieni fomu ya dharura na iingizwe siku hiyohiyo. Nakala rudufu ikae nje ya jengo, na mjaribu kuirejesha kabla ya kuihitaji. Kila mtumishi awe na nywila yake. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mkataba useme wazi kwamba taarifa ni za kliniki na zinaweza kuhamishwa. Mwisho, andikeni tarehe ambayo tabibu ataacha kufungua faili la karatasi kwa mgonjwa mpya. Kliniki isiyoweza kuitaja tarehe hiyo isinunue programu yoyote kwa sasa.