Nyumba Njema Si Mlango: Kiota cha Mbao cha Sisimizi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita)

Ndugu msikilizaji, juma hili nimepokea barua kutoka kwa fundi seremala mmoja wa hapa Nairobi. Anasema mpwa wake anasoma Ujerumani, na huko ameingia katika mchezo wa kufuga sisimizi. Sasa kijana amemwomba mjomba wake mambo mawili. Kwanza, amtengenezee kiota cha mbao, kwa kuwa mjomba ana randa na ana mkono mzuri. Pili, kabla ya kukituma, atie ndani yake malkia watano au sita wa wale sisimizi wakubwa wekundu wanaotoka na mabawa baada ya mvua. Fundi anauliza: Atumie mbao gani? Na je, huyu mtoto ana akili timamu?

Swali la pili ni jepesi, basi tuanze nalo. Kijana ana akili timamu. Kufuga sisimizi si jambo la jana. Mwingereza mmoja, John Lubbock, aliyekuwa mwenye benki na mbunge, aliwafuga kwa miaka mingi, na mwaka 1882 alitoa kitabu juu ya sisimizi, nyuki na nyigu. Viota vyake vilikuwa vioo viwili vilivyolazwa, udongo kidogo katikati, na fremu ya mbao pembeni. Ili wasitoroke aliwazungushia maji. Ni hila ile ile ya mama zetu wanaosimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya mikebe ya maji, ila wao huwazuia sisimizi wasipande, na Lubbock aliwazuia wasishuke. Malkia wake mmoja aliishi karibu miaka 14. Huko Marekani, mwaka 1956, Milton Levine alianza kuuza visanduku vya plastiki vya kutazamia sisimizi, na vikanunuliwa kwa mamilioni. Siku hizi Ulaya na Asia yako maduka ambayo kazi yake ni hiyo tu: sisimizi, chakula chao na nyumba zao.

Sasa tuje kwenye mbao. Kiota cha mbao ni ubao mnene uliochongwa vyumba na njia nyembamba, ukafunikwa kioo juu ili mtu aone yanayotendeka ndani. Upande mmoja hutobolewa tundu, nalo huunganishwa kwa mrija na kisanduku cha wazi ambacho ni uwanja wao wa kutafutia chakula. Kwa macho ni kitu cha kupendeza. Ukikiweka sebuleni, wageni watakisifu. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisimizi hajali kwamba mbao yako imepigwa msasa ikang'aa. Yeye anauliza jambo moja: maji yako wapi?

Hapo ndipo penye siri ya kiota chochote, kiwe cha mbao, cha jasi au cha plastiki. Mayai na vifunza vya sisimizi ni laini na hukauka upesi. Hewa ikiwa kavu, hufa. Hewa ikiwa na unyevu kupita kiasi, ukungu huota na kuharibu chakula na watoto pamoja. Kwa hiyo ardhini sisimizi huishi kwa kuhamahama. Jua likikausha juu, hushusha watoto chini. Mvua ikilowesha chini, huwapandisha juu. Kiota kizuri ni kile kinachowapa nafasi ya kuchagua: upande mmoja una unyevu, upande wa pili ni mkavu, na katikati hali inabadilika taratibu. Ukiwapa hayo, watajipanga wenyewe, wala huna haja ya kuwafundisha.

Sasa ndugu fundi, wewe unajua kuliko mimi kwamba mbao na maji hawapatani. Mbao ikilowa hupanuka. Hairefuki sana kwa kufuata nyuzi zake, bali hutanuka kwa upana, kisha ikikauka hurudi, na wakati mwingine hairudi ilivyokuwa. Mlango wa chooni hukwama wakati wa mvua kwa sababu hiyo hiyo. Basi kiota ambacho maji humiminwa moja kwa moja juu ya mbao kitajipinda. Kioo kitaachana na ubao, na mwanya wa milimita moja tu unatosha kuwapitisha sisimizi wadogo mpaka kwenye sukari ya jirani.

Kwa hiyo anayechagua kiota cha mbao, au anayekichonga mwenyewe, ayatazame mambo haya.

La kwanza ni mahali pa maji. Maji yakae katika chombo chake, kikombe kidogo cha plastiki chenye jasi au sifongo, kilichowekwa ncha moja ya kiota. Unyevu utoke humo kuingia chumba cha jirani kwa hewa, si kwa kuilowesha mbao. Ncha ya pili iachwe kavu kabisa. Ukiona kiota kizuri cha mbao ambacho muuzaji anakuambia ukinyunyizie maji kila siku, mrudishie.

La pili ni mbao yenyewe. Iwe ngumu, yenye nyuzi zilizoshikana, iliyokaushwa vizuri, isiyo na gamba wala nyufa. Hapa fundi itakubidi usahau mazoea ya kazi yako. Wateja wako hutaka mbao iliyotiwa dawa ya mchwa. Dawa hiyo haitofautishi mchwa na sisimizi. Vile vile miti tunayoisifu kwa kumshinda mchwa pasipo dawa, kama mwerezi na mvule, ina mafuta yake ya asili yaliyo silaha dhidi ya wadudu. Usimjengee mgeni nyumba kwa silaha. Msonobari mbichi nao una utomvu unaonata na kunuka. Sisimizi huzungumza kwa harufu: njia ya chakula, hatari, ndugu na adui, yote huyajua kwa kunusa kwa vipapasio vyake. Ukimweka katika chumba kinachonuka ni kama kumtia mtu katika kinu cha mahindi ukamwambia asikilize redio. Kipimo ni rahisi: iweke mbao ndani ya mfuko uliofungwa usiku kucha, asubuhi fungua unuse. Ikinuka vikali, iache.

Plaiwudi nayo ni tabaka zilizounganishwa kwa gundi, na ikipata unyevu tabaka huachana. Tena usipake vanishi ndani ya vyumba. Nje waweza kupaka, ila uache majuma kadhaa mpaka harufu iishe kabisa.

La tatu ni kioo na matundu. Kioo kishikwe kwa vibanio au skrubu zenye nafasi kidogo, kisigandishwe kwa gundi, kwa kuwa mbao itacheza na kioo hakichezi. Tundu la hewa lifunikwe kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye macho madogo kuliko kichwa cha sisimizi mdogo kabisa. Juu ya kioo weka kifuniko cha karatasi nzito au ubao mwembamba, kwa kuwa sisimizi hupenda giza, nawe ukikifunua uwe mtulivu.

La nne ni ukubwa, na hapa wengi hukosea. Mtu hununua jumba la vyumba 20 kwa malkia mmoja mwenye watoto watano. Sisimizi hawatumii vyumba vyote. Vile vya mbali huvigeuza jalala, na jalala huota ukungu. Malkia aliye peke yake hahitaji jumba. Wa aina nyingi, akishatua na kuvunja mabawa yake, hujifungia katika shimo dogo na kulea watoto wa kwanza kwa nguvu iliyomo mwilini mwake, hata misuli ya mabawa ikayeyuka ikawa chakula. Mrija wa kioo wa maabara wenye maji nyuma ya kipande cha pamba unamtosha, gizani, bila kusumbuliwa. Wafanyakazi wakifika 20 au 30, ndipo wahamishiwe kiota kidogo.

Na kabla hawajahamia, kijaribu kiota kikiwa kitupu. Tia maji mahali pake, kifunge, ungoje majuma mawili. Kikipinda au kikiota ukungu, umepoteza ubao. Ungekuwa umewatia sisimizi, ungekuwa umepoteza uhai.

Lakini lipo jambo lililo kubwa kuliko haya manne, nalo ni kujua unayemjengea. Si kila sisimizi ni wa mbao. Wapo wanaozaliwa na kufa ndani ya mti. Waingereza huwaita maseremala, na kwa kitaalamu ni jamii ya Camponotus. Hao huguguna vyumba katika magogo yaliyolegea, ila hawali mbao kama mchwa: machujo huyatupa nje. Baadhi yao wako Ujerumani. Kwao kiota cha mbao ngumu ni nyumbani. Wapo wengine wadogo wa kukaa ndani ya vijiti vyenye uwazi. Lakini maji moto, wale wa miembeni, hushona majani, na kiota cha mbao kwao ni jela.

Na wale wekundu anaowataka kijana? Jina lao la kitaalamu ni Messor cephalotes. Ni wavunaji. Huokota mbegu za majani, huzihifadhi ghalani chini ya ardhi mahali pakavu, kisha huzitafuna zikawa kama ugali wa kulisha watoto. Malkia wao ana urefu wa milimita 20 hadi 25. Ni wachimbaji wa udongo, na taya zao zina nguvu. Hata kama tusingetaja sheria, ubao si nyumba yao.

Na sheria lazima tuitaje. Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000, wengi wao wa aina hiyo hiyo, ndani ya mirija zaidi ya 2,000 iliyotiwa pamba. Mkenya mmoja na raia wa Vietnam walikamatwa katika kesi nyingine wakiwa na mamia. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ilimtoza kila mmoja wao wanne faini ya shilingi milioni moja, au kifungo cha miezi 12. Wapo waliocheka: faini ya milioni kwa sisimizi! Lakini malkia mmoja si sisimizi mmoja. Ni kichuguu kizima ambacho hakitazaliwa, pamoja na mbegu ambazo wangezisambaza na udongo ambao wangeupindua. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikusema ndovu na kifaru tu. Fundi, malkia sita ndani ya kifurushi chako cha posta wangekufikisha kizimbani, na mpwa wako angebaki kule akijilaumu.

Tena iko hatari ya upande wa pili, ya mgeni kuingia mahali pasipo pake. Tazama Laikipia. Kule iko migunga ya miiba, ile ya mbigili zenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu hukaa sisimizi wadogo wanaolinda mti: ndovu akigusa tawi, humwingia mkongani. Kisha wakafika sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa, si kwa wafugaji bali kwa shughuli nyingine za watu. Wakawaua walinzi. Ndovu wakavunja miti. Utafiti uliotangazwa Januari 2024 ulionyesha kwamba miti ilipopungua, simba walikosa pa kujificha, wakawa wanashindwa kuwakamata punda milia na kugeukia nyati. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaangamia. Mtu anayechoka na sisimizi wa mbali akawamwaga bustanini hajui atakachokianzisha.

Basi jibu langu kwa fundi ni hili. Mtengenezee kijana kiota. Tumia mbao kavu, ngumu, isiyo na dawa wala harufu, maji yakae pembeni, kioo kishikwe kwa skrubu. Waulize posta na forodha masharti ya kutuma kitu cha mbao. Kitume kitupu. Kisha mwandikie mpwa wako atafute seremala wa huko huko Ujerumani, yule Camponotus wa magogo, kwa kufuata sheria za huko. Asiwaguse wale wekundu wa msituni wanaolundika sindano za misonobari, kwani wanalindwa. Mkumbushe pia kwamba hao maseremala wa Ulaya hulala miezi ya baridi na wanahitaji ubaridi huo, kwa hiyo asikiweke kiota juu ya kipasha joto.

Na wewe msikilizaji unayetaka kufuga hapa nyumbani, waulize kwanza maafisa wa wanyamapori unachoruhusiwa. Watoto wako wakitaka kutazama tu, wapeleke uani na punje chache za mtama, mkae mchuchumae mngoje. Kiota kipo, mbao haihitajiki, na malkia yuko kwake.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.