Figo ni zawadi, si bidhaa: Msimamo wa Ukristo kuhusu mwili

MADAI ya biashara ya figo, ambayo mnamo Aprili 2025 yaliifanya Wizara ya Afya kusimamisha upandikizaji katika hospitali moja mjini Eldoret, yalizua swali ambalo sheria pekee haiwezi kulijibu. Ikiwa figo ni yangu, na dhiki imenibana, kwa nini nisiiuze?

Jibu la Ukristo linaanzia mbali na hospitali. Katika karne za kwanza, baadhi ya makundi yalifundisha kuwa mwili ni gereza la roho, na kwamba Kristo alionekana tu kana kwamba ana mwili. Kanisa lilipinga mafundisho hayo, na hadi leo waumini wanapokiri Imani ya Mitume wanataja ufufuo wa mwili.

Naye Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliufananisha mwili na hekalu na kuwakumbusha wasomaji wake kwamba wao si mali yao wenyewe.

Kwa msingi huu, binadamu hamiliki mwili jinsi anavyomiliki shamba au baiskeli. Yeye ni mwili na roho kwa pamoja. Anayenunua figo, basi, ananunua sehemu ya mtu.

Lakini je, kuitoa bure kunaruhusiwa? Suala hili lilipata uzito mwaka wa 1954 mjini Boston, Marekani, pale Dkt Joseph Murray alipompandikiza mgonjwa figo ya pacha wake. Wanamaadili walijiuliza iwapo ni halali kumpasua mtu mwenye afya kwa manufaa ya mwingine.

Wengi walikubali, kwa masharti. Mtoaji aridhie bila shinikizo, na asipoteze uhai wala uwezo wa mwili wake kufanya kazi. Figo moja inaweza kumtosha mtu. Moyo ni mmoja tu. Mnamo Agosti 2000, Papa Yohane Paulo II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji jijini Roma kuwa utoaji wa kiungo ni tendo la upendo, huku akilaani biashara ya viungo.

Wapo wanaohofia kufufuka wakiwa na upungufu. Hofu hiyo si ngeni. Augustino, aliyefariki mwaka wa 430, aliijadili kuhusu walioliwa na wanyama, akashikilia kuwa Muumba hashindwi kurejesha kilichopotea.

Sheria ya Afya ya 2017 humu nchini pia inapiga marufuku uuzaji wa viungo. Hata hivyo, marufuku hayamponyi mgonjwa anayetegemea mashine ya kusafisha damu kila wiki.

Hapa ndipo makanisa yana deni. Kukemea soko linalowanyonya maskini ni haki, ila imani inayouheshimu mwili haina budi pia kuwahimiza walio na uwezo watoe kwa hiari kile ambacho mwenye njaa anashawishiwa kuuza.